Jimbo linabebwa na mtu au chama? Tuangalie Iringa Mjini na Nyamagana kabla ya kutabiri

Uchaguzi mkuu ukikaribia watu wanaanza kugawa majimbo mapema kabisa, hili la fulani, lile limeshaenda, na ukimuuliza mtu kwanini una uhakika hivyo anakuambia hukuona nyomi ya juzi uwanjani? Mi naona hapo ndo tunapoanzia kupotea. Kura ya ubunge inapigwa na mtu ambaye jina lake lipo kwenye daftari la kituo kile na siku ile akaamka akaenda kupanga foleni, basi. Mwaka 2010 waliojiandikisha nchi nzima walizidi milioni 20 lakini waliopiga kura ni kama milioni 8.6, yaani zaidi ya nusu hawakwenda. Na mwaka huohuo vyuo vikuu vilichelewa kufunguliwa mpaka uchaguzi ukapita, wanafunzi wengi waliojiandikisha chuoni wakabaki makwao na kura zao hazikupigwa. Waliotabiri jimbo la Ubungo kwa kuhesabu vijana wa chuo kikuu pale mlimani walikuwa wanahesabu watu ambao wengi hawapo (Mnyika wa CHADEMA alishinda pamoja na hilo, ila alishinda kwa kura za mitaani).

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, mtu au chama.

Wanaosema ni chama wana hoja nzito na tusiidharau. Kwanza kwetu hakuna mgombea binafsi, marehemu mchungaji Mtikila alidai haki hiyo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha akashinda mwaka 2013 na bado mpaka leo bila chama hugombei. Pili chama ndo chenye mabalozi wa nyumba kumi, wenyeviti wa mitaa, madiwani, mawakala wa kukaa kituoni toka asubuhi mpaka matokeo yanabandikwa ukutani, na mgombea mzuri asiye na mawakala anapigiwa kura halafu hana wa kuzilinda. Tatu ni upepo wa rais, maana kura zote tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, zinapigwa siku moja kituo kimoja.

Mfano wao mkubwa ni Mwanza. Mwaka 2010 Nyamagana alikuwepo Lawrence Masha, waziri wa mambo ya ndani kabisa, na Ezekiel Wenje wa CHADEMA aliwekewa pingamizi la uraia, akaenguliwa, Tume ikamrudisha, na akamshinda waziri. Jirani hapo Ilemela, Highness Kiwia akamtoa Anthony Diallo. Watu wakasema Mwanza imeondoka. Miaka mitano baadae CCM ikamsimamisha Magufuli kugombea urais, mtu wa Chato, kanda ya ziwa ikaona ni zamu yao, na majimbo yote mawili yakarudi, Nyamagana kwa Stanslaus Mabula na Ilemela kwa Angeline Mabula. Wenje alikuwa ni yuleyule, ila jina la mgombea urais lililokaa juu yake kwenye kampeni ni la Lowassa na la mpinzani wake ni la Magufuli.

Ukiishia hapo unaamini ni chama tu na upepo. Lakini ziwa ni hilohilo na mwaka ni huohuo 2015, Bunda Mjini Ester Bulaya alitoka CCM akahamia CHADEMA akamwangusha Wasira, mzee aliyekaa kwenye siasa za nchi hii tangu enzi za Mwalimu. Tarime majimbo yote mawili yakaenda CHADEMA, Ukerewe nayo. Kama upepo wa Chato ulitosha kuibeba Nyamagana mbona haukuibeba Ukerewe ambayo ipo mkoa huohuo wa Mwanza? Hapo lazima ukubali kuna kitu cha mtu na cha mahali ambacho chama hakikifuti.

Na kuna Arusha Mjini ambayo kwangu mimi ndo kipimo kizuri kuliko vyote. Mgombea ubunge wa ACT-Wazalendo alifariki kabla ya uchaguzi kwahiyo kura ya ubunge ikasogezwa mpaka tarehe 13 Desemba 2015. Fikiria hali ilivyokuwa, Magufuli ameshaapishwa mwezi mzima uliopita, kaulimbiu yake ya hapa kazi tu iko kila mdomo, kila mtu anajua serikali ni ya nani, na mpiga kura anajua kabisa akimchagua Lema wa CHADEMA anampeleka kambi ya upinzani. Wakamchagua, na kwa tofauti kubwa. Wa upande wa chama watakujibu kwamba Arusha madiwani wengi walikuwa wa CHADEMA kwahiyo hata hapo ni chama, sio Lema. Ni jibu zuri na sina namna ya kulikataa moja kwa moja, ila linaonyesha kwamba chama kinachobeba jimbo ni kile kilichoota mizizi kwenye kata, kinaweza kuwa tofauti na kile kilichoshika Ikulu.

Iringa Mjini ndo inafundisha zaidi, na nashangaa watabiri wengi wanairuka. Mwaka 2010 kwenye kura za maoni za CCM, yaani zile za kumpata mgombea ndani ya chama, aliongoza Frederick Mwakalebela, yule aliyekuwa katibu mkuu wa TFF, shirikisho la mpira wa miguu. Vikao vya juu vya chama vikamkata kwa tuhuma za rushwa, wakampitisha Monica Mbega aliyekuwa mbunge tayari. Wanachama wakanuna, wengine wakakaa nyumbani, wengine wakampa kura mchungaji Msigwa wa CHADEMA, na Msigwa akashinda kwa tofauti ndogo sana. Kuanzia siku ile stori ya mjini ikawa moja, CCM ilijiua yenyewe, wangemweka Mwakalebela jimbo lisingetoka.

Basi mwaka 2015 wakamweka Mwakalebela. Msigwa akamshinda, tena kwa nafasi kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Mimi nasoma hivi, kidonda cha kura za maoni kinaweza kulitoa jimbo, ila kupona kwa kidonda hakulirudishi, maana katikati ya hapo kuna miaka mitano ambayo mbunge mpya amezika na watu, amesimamia harusi, amewatetea wamachinga, ameonekana bungeni kwenye tivii. Ukitabiri kwa kusema tatizo la mwaka ule limeisha kwahiyo jimbo linarudi, unasahau kwamba mpinzani nae hakulala. Kinyume chake pia ni kweli, ukisema fulani anapendwa hatoki, nenda kaangalie Nyamagana.

Upinzani nao una kidonda chake. Segerea 2015 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walikubaliana kuachiana majimbo lakini pale Mtatiro wa CUF na Anatropia Theonest wa CHADEMA wote wakabaki kwenye karatasi, kura zikagawanyika, Bonnah Kaluwa wa CCM akapita. Kwa mfumo wetu anayeongoza hata kwa kura moja ndo mbunge, hakuna raundi ya pili, kwahiyo mgombea wa tatu mwenye kura chache anaweza kuwa ndo mtu muhimu kuliko wote jimboni na hakuna anayemtaja kwenye utabiri.

Kuna wanaosema haya yote yaliisha mwaka 2020. Wanasema unatabiri nini wakati wagombea 28 wa CCM walipita bila kupingwa, na mwisho wa siku CCM wakachukua majimbo 256 kati ya 264, CHADEMA wakabaki na Nkasi Kaskazini tu ya Aida Khenani, Iringa Mjini ikaenda kwa Jesca Msambatavangu na Arusha nayo ikatoka? Na 2025 CHADEMA hawakuwepo kabisa kwenye karatasi baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Wengine wanajibu kwamba ushindani haujafa, umehamia kwenye kura za maoni za CCM. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwa majimbo mengi jina la mbunge sasa unalijua Agosti na sio Oktoba. Lakini wanaopiga kura za maoni ni wanachama tu, na vikao vya juu vinaweza kumkata aliyeongoza kama vilivyomkata Mwakalebela, kwahiyo mwananchi wa kawaida asiye na kadi anabaki pembeni kwenye hatua pekee yenye ushindani, na hilo linaniuma kuliko utabiri wowote kukosea. Mahudhurio yenyewe yanaongea, 2015 walipiga kura kama asilimia 67 ya waliojiandikisha, 2020 ikashuka mpaka kama 51. Hao waliopungua ndo ningependa kila anayetabiri jimbo lake awatafute, kata kwa kata, awaulize kwanini hawakwenda, kabla hajatuambia nani anashinda.