Liemba ilipita Dodoma

Mgogo na meli wapi na wapi! Ndivyo alivyonicheka shemeji yangu nilipomwambia napanda treni hadi Kigoma, na sifuati mawese wala dagaa, nafuata meli ya Ziwa Tanganyika. Sisi wa Dodoma mjini maji yetu makubwa ni Bwawa la Hombolo.

Lakini meli hiyo ilipita kwetu, tena kwa reli. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo ni Reli ya Kati: Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Waliokuwa wakichunga ng'ombe kando ya njia waliona mabehewa tu. Nani angewaambia kwamba mle ndani mna meli?

Nilipoipanda, miaka kadhaa iliyopita, ilikuwa bado inashuka kusini hadi Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi havina gati. Usiku wa manane honi inalia, meli inasimama, na mitumbwi inakuja kasi gizani, kila mmoja ukigombania ubavu. Magunia yanapanda, mama anapanda, mtoto anapokewa juu juu kwa mkono mmoja. Nilikesha pale kwenye ukingo.

Asubuhi fundi mmoja wa injini alikubali nishuke naye chini. Ngazi ya chuma, nyembamba, joto la kukata pumzi. "Kaka, shika bomba," akasema, "ila siyo hilo." Nikapitisha kiganja ukutani. Vichwa vya ribiti, mstari kwa mstari, rangi juu ya rangi mpaka vimekuwa kama vipele. Hizo ni ribiti za enzi zile za makasha.

Huko chini ndiko historia yake inakoeleweka. Julai 26, 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili adui asiipate, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Jina nalo likabadilishwa, na afadhali. La kwanza lilikuwa la Graf von Götzen, gavana wa Kijerumani aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza. Meli ya kubeba bibi zetu na magunia yao ya mihogo iitwe jina hilo ya nini?

Sasa, kila Liemba inapotajwa, kuna anayesema itiwe makumbusho. Mimi nauliza: makumbusho ya namna gani? Kama ni kuifunga gatini, kuipaka rangi mpya na kuweka kamba yenye kibao cha "Usiguse", mimi simo. Injini zake za mvuke zilikwishatolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli, na hapo ndipo ninapoumia, maana injini zile zilizolala majini miaka kadhaa ndizo ningelipia kiingilio kuziona. Hasara hiyo isitufanye tupoteze na kilichobaki. Meli hii mwaka 2015 ilikuwa ikiwavusha wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga. Itembee, kabini moja iwe ya picha na ramani, na mafundi walipwe kidogo kuwashusha wageni kwenye lile joto.

Na Dodoma tupate chetu. Siku hizi sote tunakimbilia kupiga picha kwenye stesheni ya SGR. Mimi nataka kasha moja la mbao, la kuigiza tu, liwekwe kwenye ile reli ya zamani, na maandishi: meli ilipita hapa.

Nilimsimulia shemeji yote haya. Akatafuna karanga zake, kisha akauliza, "Sasa mbao za makasha 5,000 zilikwenda wapi?"

Tangu siku hiyo, nikiona mlango wa zamani Kigoma au Ujiji, nausogelea nauchungulia.