Pesa za misitu ya kaya zianzie kwa walinzi

Zikitajwa pesa za umma za misitu, Wakenya wengi hufikiria Mau na Aberdare. Ni haki, maji yetu yanatoka huko. Lakini Pwani tuna kaya za Wamijikenda, vipande vya msitu wa kale vilivyotapakaa Kwale na Kilifi, vingine vidogo hata unavizunguka kwa miguu asubuhi moja. Mwaka 2008 UNESCO ikaingiza baadhi yake kwenye Urithi wa Dunia. Sifa tumepata. Mshahara wa mlinzi je?

Misitu hii imesalia kwa sababu wazee walikataza: hukati mti, huokoti kuni, hupiti hovyo. Katazo hilo lilitosha enzi ambazo kila mtu aliogopa koma, yaani mizimu ya wahenga. Siku hizi ardhi ina bei, na mwenye tingatinga haogopi koma wala mzee. Kisiwa cha Chale ni kaya, na leo kina hoteli. Ndiyo, tangu 1992 serikali imekuwa ikizitangaza kaya kuwa turathi za kitaifa, lakini tangazo la gazeti rasmi halifanyi doria usiku. Kwa hiyo kodi yetu ipime mipaka, isimike mawe, iajiri vijana wa vijiji jirani na iwalipe wazee posho ya kila mwezi, si nauli ya semina tu. Maegesho na mabango ya rangi yatasubiri.

Na kuingia je? Nendeni Kaya Kinondo, karibu na Diani. Unafungwa kaniki kiunoni, kijana wa hapohapo anakuongoza njiani, unaoneshwa mti wa kukumbatia, na hutoki na hata jani. Utaratibu ni mzuri, ila unategemea mno kiingilio cha mgeni. Mwaka 2020 watalii walikatika ghafla, na msitu haukuacha kuhitaji mlinzi kwa sababu hiyo. Hapo ndipo kaunti inapotakiwa kuweka fungu lake, pamoja na kuwalipia wanafunzi wa Ukunda na Msambweni waingie bure. Ni aibu Mjerumani aijue kaya kuliko mtoto aliyezaliwa kando yake.

Sisemi zote zifunguliwe. Wazee wa kaya fulani wakisema hapaingiwi, basi hapaingiwi, na pesa za ulinzi ziende vilevile.