Unga wa Kisauni na Kibao cha Langley

Nikienda kazini hupita barabara ya 123 hapa Virginia, penye kibao cha kuelekeza magari makao makuu ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Langley. Taa nyekundu ikinisimamisha pale, akili hunirudi Kisauni, Mombasa, kwa jirani yetu, mama aliyekuwa akilala na masufuria yake chumbani. Akiyaacha jikoni, asubuhi yameshauzwa. Mwanawe alikuwa teja wa unga, yaani heroini. Siku moja nilimkuta ana arosto, yale mateso ya teja aliyekosa unga: saa saba mchana, jua kali la Mombasa, naye anatetemeka, kamasi zinamchuruzika, amejikunyata ukutani kama mwenye homa.

Unga ule hatukuulima sisi. Kasumba, yaani afyuni inayotengenezewa heroini, ililimwa Afghanistan, heroini ikashushwa pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, na kupakiwa majahazini hadi kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa jahazi baharini upande wa Mombasa likiwa na kilo 1,032, zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Hilo ni moja lililokamatwa.

Sasa wenye biashara hiyo walilelewa na nani? Miaka ya 1980 Marekani ilipitisha fedha na silaha kwa majasusi wa Pakistan ziwafikie Waafghani waliopigana na Wasovieti, na fungu nono likamwendea Gulbuddin Hekmatyar, mmoja wa viongozi wao, ambaye makamanda wake walihusishwa na heroini. Baada ya 2001 yakawa yale yale. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika kwamba Ahmed Wali Karzai, nduguye rais wa Afghanistan wakati huo, alikuwa akilipwa na CIA huku akituhumiwa kuhusika na unga. Yeye alikana. Taliban walikuwa wamepiga marufuku kilimo cha kasumba, mavuno ya 2001 yakashuka hadi tani 185. Kufika 2007 ni tani 8,200. Sisemi CIA ndio walioshika jembe. Walihitaji wababe wa vita, basi wakayafumbia macho mashamba yao.

Huku Marekani mtoto wa watu akinasa kwenye unga huitwa mgonjwa. Kaunti yangu ilinipa bure naloksoni, dawa ya kumpulizia puani aliyezidisha dozi, nami natembea nayo garini. Kwetu teja akishikwa na ndoo ya mtu hupigwa mawe. Kisauni siku hizi pana kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia teja kuacha unga, na nawashukuru sana wanaoiendesha, lakini mzigo ule si wa kuachiwa wao.

Ndugu wawili wa familia ya Akasha, walanguzi wa unga, walichukuliwa Mombasa Januari 2017 wakapelekwa Marekani, na mwaka 2019 Baktash akahukumiwa miaka 25 New York. Alistahili. Ila aliyekuwa akiidhinisha malipo ya wababe wa Afghanistan sijamwona kizimbani hata siku moja.

Mimi hukatwa kodi hapa kila baada ya wiki mbili. Nataka sehemu yake igharamie matibabu ya Pwani, si kwa hisani bali kama deni. Nimemwandikia mbunge wangu wa Kongresi kurasa mbili, na habari ya masufuria nimemweleza pia.