Picha nitakuonyesha, kichaka sikuonyeshi

Wiki hii nimeulizwa mara tatu: "Dada, huyu nyoka ulimpigia picha wapi?" Amani, Usambara Mashariki. Amani sehemu gani? Hapo ndipo ninapofunga mdomo.

Mwenyewe ni nyoka wa pembe wa Usambara, Atheris ceratophora kwa wataalamu. Tulimkuta saa tatu usiku, mvua imetoka kukatika, kajikunja kwenye kijiti usawa wa goti. Mimi nilikuwa nimeshampita! "Simama hapohapo dada, usigeuke kwa pupa," mwongozaji akaninong'oneza. Nilipomulika, nilichokiona kwanza ni vile vigamba vilivyochongoka juu ya macho, kama kope zilizokolezwa wanja kupita kiasi. Mwili wa kahawia iliyoiva kwenda njano, wenye kukwaruza kama tupa. Hakutikisika.

Ni mdogo, hafiki hata mita moja, lakini dawa mahsusi ya sumu yake haijatengenezwa, na kutoka mle msituni hadi hospitali ya Muheza usiku ni safari. Kwa hiyo nilikaa mbali, nikavuta kwa lenzi, nikapiga flashi mbili tatu, basi. Zamani niliwahi kumwacha mtu amnyanyue nyoka kwa fimbo ili nimpate "vizuri". Nilipata picha ya mnyama aliyechukia, mdomo wazi. Watu waliipenda sana. Niliifuta.

Sasa hilo la mahali. Mwaka 2011 watafiti walipomtangaza ndugu yake, Atheris matildae, mweusi na njano kutoka kusini-magharibi mwa Tanzania, hawakutaja msitu wake. Waliwaogopa wakusanyaji wanaowauza nyoka hawa kwa wafugaji wa ng'ambo. Nyoka anayeishi kwenye kipande kimoja cha msitu, wakija watu wachache na magunia yao, kwisha habari. Ikiwa wanasayansi, ambao kazi yao ni kueleza kila kitu mpaka idadi ya magamba, wamelimeza hilo, mimi na simu yangu ni nani nilitapike? Na simu nayo ina umbea: ukiiachia, inabandika ndani ya picha mahali hasa uliposimama. Mimi huzima hiyo kabla sijaingia msituni, na nikirudi nakagua tena kabla ya kumtumia mtu.

Jana mmoja kaniandikia kwamba anaomba "walau jina la njia tu". Nimemtumia picha ya kinyonga.