Kadi ya gari na kumbukumbu ya fundi: tumwamini nani?

Katika ua wa nyumba moja Mabatini, hapa Mwanza, kuna Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Mzee mwenye gari anataka kuliuza. Dalali ametangaza kwamba lilikimbia Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, na bei ikapanda siku hiyo hiyo. Mnunuzi yuko Nairobi, naye anadai majina ya wamiliki wote tangu gari litoke kiwandani. Bila makaratasi hatoi hata shilingi. Fundi aliyelihudumia miaka yote anashangaa. Gari hili mtaa mzima unalijua, anasema, makaratasi ya nini tena?

Mnunuzi ana sababu ya kuogopa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaibuka washindi kwa gari la aina hiyo hiyo. Magari ya timu ya kiwanda yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi. Kwa hiyo rangi hiyo ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka, maana kopo la rangi yeyote hununua. Nilifungua mlango wa kushoto nikatazama karibu na bawaba, palipochunika. Chini ya wekundu kuna puti, na chini ya puti kuna kijani iliyokolea. Namba ya chesisi inaanza na HS30. Hiyo inaonyesha tu kwamba gari lilitengenezwa kwa usukani wa kulia, kama maelfu ya wenzake. Hakuna hata kimoja kinacholipeleka kwenye mashindano.

Lakini kudai mlolongo kamili wa karatasi ni kusahau nchi hizi zimepitia nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Gari lililonunuliwa Nairobi likaja kuishi Mwanza liliacha nusu ya maisha yake upande wa pili. Kabla ya hapo, mwaka 1971, serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi zenye asili ya Kihindi zikafunga virago. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda. Mehta mwenyewe ni mzaliwa wa huko, akahamia Kenya. Mtu anayeondoka kwa haraka huuza gari kwa barua ya mkono, na kadi hubaki na jina lake. Ndivyo ilivyo hapa: kadi ina jina la mmiliki wa kwanza, mzee anayo barua aliyoandikiana na mtu mwingine aliyemuuzia, na katikati hapana kitu.

Fundi, kwa upande wake, amenishawishi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu maneno yake yanapimika. Alisema injini ya kwanza, L24, ilikufa, akaweka L28 kutoka gari jingine. Tulifuta grisi kwenye bloku kwa kitambaa chenye dizeli, na L28 ikasomeka wazi. Na kuhusu Safari Rally? Fundi hajawahi kusema hivyo. Hayo ni ya dalali peke yake.

Mnunuzi akadai injini iliyobadilishwa imeua uhalisi wa gari. Hapo namkatalia. Mwaka 1990 mahakama ya London iliamua kesi ya gari la Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mashindano ya Le Mans ya Ufaransa mwaka 1929 na 1930 na kuuzwa kwa makubaliano ya pauni milioni 10. Vipuri vyake vingi vya awali vilikuwa vimeshatoka zamani, lakini jaji alikubali kwamba ni gari lile lile, kwa kuwa maisha yake hayakukatika. Kinachohitajika ni kueleza kila badiliko waziwazi, na fundi huyu anaweza.

Msimamo wangu ni huu: ushuhuda wa fundi uandikwe na kusainiwa, ukiwa na namba za chesisi na injini pembeni yake, na madai ya mashindano yafutwe. Miaka isiyojulikana iachwe wazi kwenye karatasi. Dalali ameniomba niijaze kwa "inasemekana", nikakataa, kwa sababu neno hilo likishaandikwa leo, mnunuzi wa baadaye atalisoma kama ushahidi.

Fundi bado ana hofu moja, na siidharau: tukichimba sana, anaweza kujitokeza mtoto wa mwenye kadi akidai gari la baba yake. Nilidhani mzee atataka tunyamaze. Badala yake aliniomba tuitafute familia hiyo kwanza, kabla ya kuuza. Anasema gari alilinunua kwa mtu ambaye hakumwonyesha alivyolipata, na kwa miaka yote hiyo jambo hilo halijamtoka moyoni.