Magogo ya Greensted: Msumeno wa 1848 Uliokoa au Uliharibu?

Ukuta wa Kanisa la Mtakatifu Andrea, Greensted, katika kaunti ya Essex, Uingereza, usomwe kuanzia chini. Chini kabisa ni matofali. Juu yake imelala boriti ya mwaloni, na juu ya boriti yamesimama magogo 51 ya mwaloni yaliyopasuliwa kati, mgongo wa mviringo ukitazama nje na uso bapa ukitazama ndani. Magogo ni ya karne ya 11 au mwanzoni mwa ya 12. Matofali na boriti ni vya ukarabati wa 1848–49, mafundi walipokata miguu ya magogo iliyooza na kuyasimamisha juu ya msingi mpya. Je, ile ilikuwa tiba, au walimkata mgonjwa kiungo ambacho kingeweza kupona?

Aliyewahi kujenga kwa miti anajua kwamba nguzo haiozi popote tu. Huoza pale inapokutana na uso wa udongo. Chini zaidi hakuna hewa ya kuilisha kuvu, juu zaidi mti hukauka. Hapo kwenye uso wa ardhi maji na hewa vipo pamoja mwaka mzima. Tena gogo lililosimama hugusa unyevu kwa ncha, ambako mishipa ya mti iko wazi na hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kiini cha mwaloni kina tanini nyingi, kemikali ya asili inayozuia kuvu, ndiyo maana kilistahimili karibu miaka mia nane. Kustahimili si kutooza.

Hoja ya wanaoutetea msumeno ina uzito. Ukuta huu hauna fremu: magogo ndiyo ukuta, na ndiyo yanayobeba paa. Kila gogo limechimbwa mfuo kwenye kingo zake mbili, na kati ya gogo na gogo umepitishwa ulimi mwembamba wa mwaloni wa kuzuia mvua na upepo. Miguu ikioza, gogo hushuka, ndimi huchomoka, ncha ya juu huachia boriti ya paa, na paa hufuata.

Upande wa pili ulipata sauti rasmi mwaka 1877, William Morris, msanii na mwandishi wa Uingereza, na wenzake walipoanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Msimamo wao ulikuwa rahisi: ziba paa linalovuja, egemeza ukuta unaoinama, tunza kila siku, wala usijifanye unarudisha jengo katika hali yake ya zamani. Kwa Greensted, kilichopotea ni ushahidi. Mguu wa gogo ndio unaoonyesha ukuta ulivyoungana na ardhi: je, ulisimikwa kwenye mtaro, au ulichomekwa kwenye boriti? Udongo nao hutunza habari. Uchimbaji wa 1960 chini ya sehemu ya madhabahu ulikuta alama za majengo mawili ya miti yaliyotangulia, na yote mawili yalisomwa kutokana na mabaki ya ardhini.

Lawama nyingine, hata hivyo, zimetupwa kusikostahili, kama ile kwamba msumeno ndio uliofuta umri kamili wa ukuta. Zamani ukuta ulikadiriwa kuwa wa mwaka 845 hivi. Katika miaka ya 1990 pete za mwaka za mti (mti huongeza moja kila mwaka) zilihesabiwa, na ya mwisho iliyosomeka ilikuwa ya 1053. Ukiongeza pete 10 hadi 55 za tabaka la nje lisilokuwepo tena, miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Pengo hilo linauacha mwaka 1066, Wanormani walipoivamia Uingereza, katikati ya shaka. Lakini pete hizo zilizokosekana zilikuwa pembezoni mwa shina, chini ya gome, si miguuni. Hapo msumeno hauna kesi. (Mapokeo kwamba mwili wa Mtakatifu Edmund, mfalme wa kale wa mashariki mwa Uingereza, ulipumzishwa hapa mwaka 1013 nayo hayawezi kuhusu magogo haya, labda jengo la kabla yake.)

Kwangu mimi, kosa la 1848 si kukata. Ni kukata kwa mstari. Boriti moja iliyonyooka inadai magogo yaishie usawa mmoja, kwa hiyo palipo na gogo lililooza kidogo, sehemu isiyooza hukatwa pamoja na iliyooza. Leo kila gogo lingepimwa peke yake, likakatwa hadi linapoanza kuwa zima tu, kisha likaungwa kipande kipya kwa kiungo cha mshazari.

Njia hiyo nayo ina gharama zake. Mwaloni hukauka kwa kadiri ya milimita 25 za unene kwa mwaka, hivyo kipande cha milimita 150 chahitaji miaka kama sita. Ukiunga mti mbichi kwenye gogo lililokwisha kukauka, mpya hunywea, wa kale hausogei, na kiungo hufunguka mvua ikaingia. Bolti za chuma cha kawaida hazifai: tanini huzila na kuacha madoa meusi. Na saruji ikipakwa kati ya mti na tofali hufungia maji humo humo, jambo ambalo chokaa haifanyi.

Sasa kanisa limo katika Daraja la I la ulinzi, la juu kabisa kwa majengo ya Uingereza, na kazi ya namna hii huhitaji kibali cha jaji wa mahakama ya kanisa ya Dayosisi ya Chelmsford. Tangu uamuzi wa mahakama ya kanisa wa 2012 kuhusu kanisa la Duffield, Uingereza, jaji hujiuliza: umuhimu wa jengo utadhurika? Kwa kiasi gani? Sababu ni nzito kiasi gani, na manufaa kwa watu yanazidi madhara? Kwa vipimo hivyo, kukata miguu kungepita, kwa masharti. Kubadilisha madirisha ya paa, jambo lililofanyika katika ukarabati uleule, kungepata taabu, maana dirisha halikuwa likiangusha ukuta.

Na kuna kizungumkuti: boriti ya 1848–49, ya enzi za Malkia Victoria, sasa ina zaidi ya miaka 170, nayo inalindwa. Udongo na majani yakirundikana hadi juu ya matofali, itaanza kuoza yenyewe, na atakayetaka kuikata atajibu maswali yaleyale.