Begi la Mgongoni Ni la Mtu, Si la Pikipiki

Vijana wanaoanza kutoka mjini Mombasa na pikipiki mwisho wa wiki, wavuke Likoni, wapande Kwale kisha washike njia za udongo za upande wa Kinango, huniuliza wanunue begi la ukubwa gani. Nami huwauliza: utatia nini ndani? Wengi wanataka begi la lita 40 ili spana, pampu, tyubu, kufuli, chakula na nguo za kubadilisha zote zikae mgongoni. Hapo ndipo tunapotofautiana. Mgongoni beba kile utakachokihitaji ukitengana na pikipiki. Vilivyobaki vyote vifungwe kwenye keria, na vifungwe vikafungika.

Kanuni hii wameishika vizuri sana watu wa mbali, wanaoendesha pikipiki za theluji kwenye milima ya Marekani na Kanada, kusiko na barabara. Adui yao mkubwa ni maporomoko. Theluji ikikatika mlimani humtenga mtu na chombo chake, na chombo kinaweza kufukiwa kisionekane tena. Kwa hiyo koleo, pamoja na fimbo ndefu ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, hukaa mgongoni wala havifungwi kwenye chombo. Kile kifaa cha kurusha mawimbi ya redio, cha kuwaonyesha wenzake alipofukiwa, ndicho hakiingii hata begini: huvaliwa mwilini, chini ya koti. Baadhi ya mabegi yao yana puto ndani. Mtu akivuta kishikio kilicho kwenye mkanda wa bega, puto la lita kama 150 hujaa kwa sekunde chache na kumsaidia abaki juu, kwa kuwa theluji inapoteremka, vitu vikubwa hupanda juu na vidogo huzama. Begi la namna hiyo lina na mkanda wa kupitisha katikati ya mapaja ili lisimvuke kichwani.

Sisi hatuna theluji. Lakini pikipiki ikizama kwenye matope ya masika, ukaiacha na kwenda kwa miguu kutafuta watu wa kukusaidia kuinyanyua, ushatengana nayo. Ukitupwa mtaroni na mguu hauendi, hata hatua tano za kuifikia keria ni mbali. Wakati huo unataka maji, simu, bandeji, tochi, kitambulisho na pesa kidogo viwe mwilini mwako. Filimbi pia: mabegi mengi ya kupandia milima huwa nayo kwenye kifungo cha mkanda wa kifua, na watu hukaa na begi miaka bila kuitambua. Vyote hivyo haviijazi lita 20, na lita 15 zinatosha ukijua kupanga.

Kwa maji sitaki ubahili. Joto letu la Februari na Machi, pamoja na unyevu ule, humkausha mtu aliyevaa helmeti na koti bila yeye kujua. Chukua mfuko wa maji wenye mrija, wa lita 2, unywe bila kusimama. Hizo tayari ni kilo 2 mgongoni, na ndiyo sababu nyingine ya kuyaacha mengine kwenye keria. Mzigo mzito ulio juu huvuta mabega na kukuyumbisha unaposimama kwenye pedeli kupita mashimo, na mikono ikichoka uamuzi nao huchoka.

Jambo linaloniumiza zaidi ni spana mgongoni. Ukianguka chali, chuma kile kinakaa kati ya uti wako na ardhi. Sponji ya begi haikutengenezwa kuzuia hilo. Ukitaka kinga ya kweli ya mgongo tafuta iliyoandikwa EN 1621-2, ambayo ni alama ya kipimo cha Ulaya cha kinga za waendesha pikipiki, uivae chini ya begi au ununue begi lililotengewa nafasi yake. Na vyuma viende kwenye keria.

Dukani usilijaribu begi ukiwa wima mbele ya kioo. Nenda na helmeti yako, kaa juu ya pikipiki, shika usukani, kisha inua uso utazame mbali. Begi refu litaigonga helmeti kwa nyuma na kukuinamisha kichwa safari nzima. Mkanda wa kifua ni lazima. Usipokuwepo, fundi wa mabegi atakushonea. Ncha za mikanda zinazoning'inia zikunje uzifunge, kwa sababu cheni haichagui cha kuvuta.

Mvua nayo. Ule mfuniko wa kuvika juu ya begi siuamini, upepo wa mwendo huupuliza ukaenda zake. Na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2017, lile juala la kufungia simu haraka haraka halipo tena. Nunua mfuko wa mdomo wa kukunja, wa aina wanayotumia watu wa mashua, uuingize ndani ya begi la kawaida. Zipu ichague ya meno ya plastiki. Hewa ya chumvi inazila zipu za chuma, na zipu iliyoganda haifunguki kwa mkono unaotetemeka.

Rangi watu huichagua kwa mtindo, nyeusi juu ya nyeusi. Sheria inakutaka uvae rifleta, nawe ukaifunika kwa begi jeusi! Dereva wa lori la kontena anayekujia kwa nyuma usiku pale barabara ya Dongo Kundu ataona nini? Shona utepe unaoakisi mwanga kwenye begi lenyewe, mgongoni na mbavuni.

Pesa zikiwa haba, soko la Kongowea kuna mabegi ya mitumba mazuri kuliko mengi mapya ya bei hiyohiyo. Vuta mikanda ya bega kwa nguvu pale iliposhonewa, nyuzi zisilie. Kisha ligeuze ndani nje. Mabegi mengi yana utando mwembamba wa ndani wa kuzuia maji, na utando huo huoza kwa joto na unyevu hata begi likikaa ghalani bila kutumika. Upitishie ukucha. Ukinata, au ukibanduka vipande vipande, lirudishe, hata muuzaji akikushushia bei hadi nusu.